Ukurasa wa Tatu

Siku Injinia alipovaa shati lake jeupe kwenda kuomba sahihi ya baba mkwe mtarajiwa, hakujua kwamba aibu ilikuwa imeshamtangulia. Ilikuwa juu ya meza ya sebuleni, ndani ya bahasha, imebanwa kwa pini mbili.

Hilo la Injinia lilikuwa jina la utani tu. Mtaa ulimpa siku barua ya chuo ilipofika, wakati hata kompyuta ya kuazima hakuwa nayo, na jina la mtaa likishakunata hulibandui. Sasa alikuwa amemaliza miaka miwili ya shahada ya sayansi ya kompyuta, imebaki miwili. Mkopo wa miaka iliyobaki ulitaka mdhamini mwenye pensheni. Kwao pensheni waliisikia redioni. Baba alishafariki, mama anauza mitumba, na mtu pekee mwenye pensheni ambaye Injinia angeweza kumgongea mlango alikuwa baba yake Fundi.

Na Fundi ndiye aliyekuwa moyo wake. Alikuwa mshonaji, msichana wa miaka ishirini na mitano, mwenye kanda ya kupimia shingoni kama mwenzake anavyovaa mkufu, na macho ambayo yakikutazama unaanza kujiuliza kama vifungo vyako vimekaa sawa. Chumba chake cha kushonea kilikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake. Mwaka wa tatu huu walikuwa wakipendana, na mwaka mmoja tangu posa ipokelewe.

Baba yake, ambaye watu walimwita Mzee wa Stoo kwa sababu alitunza stoo ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, hakukataa kudhamini. Alisema neno moja tu.

"Sahihi yangu si muhuri wa posta. Niletee hesabu. Deni kiasi gani, utapata kiasi gani, utamaliza lini. Nataka karatasi, maneno ninayo ya kutosha."

Basi Injinia akaitengeneza hesabu kwenye kompyuta ya chuo, akaituma kwenye simu ya Fundi ili amchapishie, maana hela ya kuchapisha hakuwa nayo. Simuni ulionekana ukurasa wa kwanza peke yake. Kule steshenari mhudumu alimuuliza Fundi, "Nitoe zote?" Na Fundi, kwa maringo ya mwanamke anayejua mchumba wake ana kichwa, akajibu, "Toa zote." Hakuzisoma. Mteja alikuwa anamsubiri kupimwa gauni. Akazibana kwa pini, akazitia kwenye bahasha, akamwekea baba yake mezani.

Kurasa zilikuwa tatu. Wa tatu Injinia alikusudia kuufuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mkwe," alijibu dada wa mzee, aliyekuwa ameketi pembeni akichambua vifungo vya Fundi, vyeupe huku, vyeusi kule. Tangu mama yake Fundi afariki, yeye ndiye aliyekuwa mama wa nyumba, na mdomo wake haukuwa na likizo. "Umekonda! Hiyo kompyuta inakulisha au inakula wewe?"

Injinia akacheka kidogo. Fomu ya mkopo ilikuwa kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara moja tu ili isichakae. Ilikuwa saa nane mchana. Ofisi ya mikopo ilifunga saa kumi, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Mzee wa Stoo alivaa miwani, akatoa pini moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye kisahani. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama aliyepokea katoni za dawa na hamwamini dereva.

"Mkopo wote, miaka minne, milioni kumi na mbili. Riba umeiweka. Vizuri." Kidole kikashuka. "Mshahara wa kuanzia, laki tisa. Huu umeupata wapi?"

"Kwa waliohitimu mwaka jana, mzee. Niliwauliza."

"Walikuwa wangapi?"

"Arobaini."

"Wote arobaini wanapata laki tisa?"

"Niliwauliza wale waliopata kazi ya kuandika programu."

"Wangapi hao?"

"Kumi na mmoja."

Mzee alivua miwani. Hakuonekana kukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mwanangu, mimi stoo ilinifundisha kuhesabu kile ambacho hakipo rafuni. Kilichopo hata kipofu atakipapasa. Hao ishirini na tisa umewaweka wapi?"

Injinia alijua walipo. Mmoja aliuza makava ya simu karibu na kituo cha basi. Mwingine alipokea simu za watu waliokatiwa maji, akatukanwa kutwa nzima. Mwingine alikuwa kwao tu, shahada imo ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati. Aliwajua kwa majina, na alipofika kwenye ule mstari aliwaruka wote ishirini na tisa.

"Sikuwaweka, mzee."

"Haya. Tuendelee. 'Mapato mengine, elfu kumi kila wiki.' Una kibarua?"

Masikio ya Injinia yakawaka moto. Wakati huohuo Fundi alikuwa ameingia na glasi ya maji kwenye sinia. Alimwona mchumba wake anavyotazama sakafu, akaelewa, akataka kumsitiri.

"Ni mimi baba," alisema kwa sauti nyepesi, kana kwamba ni jambo la kuchekesha. "Nampa nauli na chakula. Kila Jumapili. Si atanirudishia akiwa bosi?"

Akatabasamu, akamsogezea maji. Laiti angemzaba kibao, Injinia angepata pa kujishika. Kila Jumapili Fundi alimtilia noti ile mfukoni akijifanya anamnyoosha kola, ili asiionee haya. Naye Injinia alikuwa amekwenda kumwandika "mapato mengine".

"Nipe na mimi nione hizo hesabu za wasomi," alisema Shangazi, akanyoosha mkono akazivuta kurasa mbili za nyuma. Miwani yake ilikuwa chumbani, kwa hiyo alishika karatasi mbali, mkono umenyooka mpaka mwisho. Akasoma kwa sauti, kama wasomavyo wasioona vizuri.

"Njia ya pili. Pamoja na F. Harusi, pango la vyumba viwili, chakula, watoto... deni linaisha miaka tisa. Mmh. Njia ya tatu." Akafunua. "Bila F. Chumba cha kushirikiana na wenzangu. Hakuna harusi. Deni linaisha miaka sita." Akashusha karatasi. "F ndiyo nini? Friji?"

Injinia alinyoosha mkono aipokonye karatasi, akaurudisha. Maji yakishamwagika hayazoleki. Fundi alikuwa bado amesimama na sinia, na tabasamu lake lilibaki usoni kidogo baada ya furaha yenyewe kuondoka. Aliweka sinia chini, akaichukua karatasi mkononi mwa shangazi yake, akaisoma toka juu hadi chini. Alikuwa na tabia ya kusogeza midomo asomapo. Injinia aliipenda tabia ile kuliko kitu chochote duniani, na sasa aliifuata midomo ile ikitamka kimyakimya, mstari baada ya mstari, mambo aliyoyaandika yeye.

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Si umeshaeleza," alisema Fundi. "Umeeleza vizuri hata kwa rangi."

Kweli alikuwa ametia rangi. Miaka sita aliitia kijani.

Fundi akamrudishia baba yake karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mzee wa Stoo aliusoma ukurasa wa tatu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Hapa mshahara umeandika laki tatu na nusu. Kwa nini huku si tisa?"

"Hapo niliweka wastani wa wote arobaini," Injinia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikuwa peke yangu. Nilitaka kuujua ukweli."

"Kwa hiyo ukiwa na mwanangu unatumia hesabu ya kumi na mmoja. Ukimtoa, ndipo unahesabu watu wote." Mzee alikung'uta vumbi lisilokuwepo kwenye meza. "Lete fomu."

"Mzee?"

"Lete fomu. Nilisema ukileta hesabu ya kweli nitasaini. Katika kurasa tatu, wa kweli ni huu mmoja. Nausaini huu."

Akatia sahihi kwenye fomu, taratibu, herufi zote. Chini yake akaandika tarehe. Akausukuma ule mkopo mbele ya kijana, na binti yake akawa ametolewa hivyohivyo, kwa wino wa buluu.

"Lo," alisema Shangazi, safari hii kwa sauti ya chini. "Kukopa harusi, kulipa matanga. Wewe umeanza na matanga kabisa."

* * *

Chumba cha kushonea kilikuwa na joto la pasi. Fundi alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia, na mezani lilikuwepo koti la kijivu lenye nyuzi nyeupe za bandi kila mahali, halijashonwa bado, limeshikizwa tu. Injinia alilijua. Ni koti lake la mahafali. Fundi alilianza miaka miwili kabla ya wakati, kwa sababu kitambaa kizuri kilipatikana kwa bei nzuri, na kwa sababu alikuwa na imani.

"Nilikusudia kuifuta," Injinia alisema kutoka mlangoni.

"Lini uliandika?"

"Mwezi uliopita."

"Mwezi mzima. Jumapili nne." Alisogeza mkasi kutoka upande huu kwenda ule, bila sababu. "Kwa nini hukufuta?"

Hapo palikuwa na uongo mwingi mzuri, umejipanga foleni. Nilisahau. Kompyuta iliganda. Umeme ulikatika. Injinia aliutazama wote, akachoka nao.

"Kwa sababu ilikuwa inalingana," alisema.

Fundi akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Asante. Hilo angalau hukulipamba."

"Mimi ni mtu wa ovyo."

"Usijitukane ili nikuonee huruma. Sina nafasi leo, nina sare kumi na nne za kukabidhi." Akashika karatasi ya kukatia, akaiacha. "Unajua kilichoniuma ni nini? Si kwamba ulipiga hesabu. Mtu mwenye deni asipopiga hesabu ni mjinga, na mimi sikumpenda mjinga. Kilichoniuma ni kwamba umenihesabu mara mbili. Ninapotoa, mimi ni 'mapato mengine', sina hata herufi. Ninapokula ndipo napata herufi. Tangu lini mimi nikawa mtu wa kula tu? Cherehani hii inacheza ngoma?"

Injinia akazipitia tena kurasa zake kichwani. Aliona, kwa mara ya kwanza, kwamba hakika katika ile orodha yote ya pango na chakula na watoto hakuandika popote kwamba mwanamke huyu anafanya kazi. Alisoma miaka miwili namna ya kuifundisha mashine isisahau kitu, na kitu hicho alikisahau.

Akatoa fomu mfukoni. "Baba amesaini. Nikiichana sasa hivi..."

"Usithubutu!" Fundi alipiga meza kwa kiganja, pini zikaruka. "Ukiichana, kesho utaniandika safu nyingine. 'Shule niliyoiacha kwa ajili ya F.' Nitalilipa hilo mpaka nizeeke. Kapeleke fomu yako. Saa kumi wanafunga."

"Nikiipeleka, nimekubali ukurasa wa tatu."

"Hilo ulilikubali mwezi uliopita."

Nje mtu alikuwa anapita akiita watu wenye viatu vya kushona. Wangekuwa kwenye siku zao za kawaida, Fundi angesema kitu juu ya viatu vya Injinia, na Injinia angevificha chini ya benchi, wakacheka.

"Kuna hesabu moja umeiruka," alisema Fundi hatimaye. Akaokota kipande cha chaki ya kukatia, akamrushia. "Ya watu wote arobaini, na mimi nimo. Hiyo hukuifanya popote. Ifanye."

"Hapa?"

"Meza ni pana."

Injinia akainama juu ya meza ya mbao. Akaandika laki tatu na nusu. Akatoa pango. Akatoa chakula cha watu wawili, akatoa nauli, akatoa fungu la mama yake, ambaye kwenye kurasa zote tatu pia alikuwa amemruka. Ikabaki laki moja na kidogo ya kulipa deni kila mwezi. Akachomoa simu mfukoni, akapiga hesabu ya riba, akafuta kwa kiwiko, akaanza tena. Alipofika kwenye mstari wa mwisho, mkono ulitaka kuandika cherehani na kipato chake.

"Hapana." Fundi aliweka kiganja chake juu ya pale mahali, vidole vimejaa alama za sindano. "Hiyo usiiguse. Ya kwangu nitaitamka mimi mwenyewe, siku nikitaka. Maliza bila hiyo."

Alimaliza bila hiyo. Akaandika jibu, akalizungushia duara kwa mazoea ya shule.

Kumi na nne.

"Ukitia na miwili ya chuo, nitakuwa na miaka arobaini na mmoja," alisema Fundi.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo huo ndio ukweli."

"Huo ndio. Niliuogopa. Nilihisi ni mkubwa, nikaupitia pembeni."

Fundi alilishika koti la kijivu kwa mabega, akalikung'uta, akalitundika kwenye hanga. "Hili nitalimalizia. Kazi niliyoianza sijawahi kuiacha. Lakini utalilipia kama mteja. Bei yangu ya koti unaijua."

"Naijua."

"Na sianzi kushona bila kianzio."

Injinia akatia mkono mfukoni. Kulikuwa na noti moja. Elfu kumi, imekunjwa mara nne, kama alivyoikunja Fundi mwenyewe Jumapili iliyopita alipojifanya anamnyoosha kola. Alitamani sakafu impokee. Hakuwa na nyingine, si mfukoni, si chumbani, si popote. Akaiweka mezani. Fundi aliitazama ile mikunjo, akaitambua, na kwa mara ya kwanza tangu sebuleni, chozi likamdondoka. Hakulifuta. Akaichukua noti, akaandika kwenye daftari la wateja: koti, mwanaume, kianzio elfu kumi.

"Jina la mteja?" aliuliza, kichwa chini.

Injinia alitoka bila kulitaja jina lake.

* * *

Sebuleni Mzee wa Stoo alikuwa bado ameketi mahali palepale. Shangazi alikuwa amechanganya tena vifungo vyeupe na vyeusi na hajui.

"Bado upo?" aliuliza mzee. "Wanafunga saa kumi."

Injinia aliiweka fomu mezani, mbele yake, na kalamu pembeni.

"Mzee, umesaini ukurasa wa tatu. Mimi siuchukui ule. Ukitaka kufuta sahihi yako, futa. Nitaahirisha masomo, nitafute kazi, nitafute na mdhamini mwingine."

"Unachukua upi? Ule wa miaka tisa ya uongo?"

"Hapana. Ninaouchukua haumo humo. Uko mezani kwa Fundi, nimeuandika kwa chaki. Wote arobaini wamo. Mama yangu yumo. Na binti yako yumo. Ni miaka kumi na nne."

"Amekubali?"

"Hapana, mzee."

"Amekusamehe?"

"Hapana. Amenitoza kianzio."

Shangazi akafungua mdomo, akaufunga. Hilo lilikuwa jambo la kuandikwa.

"Kwa hiyo," alisema mzee polepole, "unajitwisha miaka kumi na nne, na hujui hata kama atakuwepo."

"Ndiyo." Injinia alihisi shati lake jeupe limemgandia mgongoni. "Sina haki ya kumwandika. Lakini kumtoa tena siwezi."

Mzee alimtazama. Kisha akainuka, akashika ukuta kidogo kwa sababu ya magoti, akaenda nyuma bila kusema kitu. Mtu aliyetunza stoo miaka thelathini na mmoja haamini bidhaa mpaka aione. Injinia alisimama akihesabu sauti ya ndala zake ukumbini. Zilisimama. Zikakaa kimya muda ambao ungetosha kusoma meza nzima, na kuisoma tena.

Ndala zikarudi.

Mzee alichukua fomu, akaikunja pale ilipokuwa imekunjwa, akamnyooshea.

"Hajafuta," alisema.

Injinia aliipokea kwa mikono miwili.

"Ameongeza na mstari mmoja chini. Ameandika 'cherehani'. Kiasi hajaweka."

Injinia akageuka kuelekea mlango wa nyuma, na mzee akamshika bega.

"Huko hujaitwa. Saa tisa imeshapita. Una nauli?"

Injinia akatazama viatu vyake.

"Basi tembea," alisema Mzee wa Stoo. "Na utembee haraka."